Huyu nani yako? Mwongozo kamili kwa mwanamuziki anayekusanya vitu vya vita

Mimi napuliza tarumbeta kwenye bendi hapa Dar, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nakusanya vitu vya vita, nishani, vifungo vya magwanda, chupa za maji za askari, picha, barua, hela za Mjerumani. Nilianza kwa kupenda tu, sikuwaza chochote, nikiona kitu cha zamani chenye chuma na kutu moyo unadunda. Kilichonibadilisha ni swali moja la mzee mmoja.

Kuna nishani nilinunua kwa machinga Mtaa wa Kongo pale Kariakoo. Yeye alikuwa anaiita sarafu ya Mjerumani, kumbe mbele kuna kichwa cha mfalme wa Uingereza, George wa Tano, na nyuma kuna mwanaume uchi kapanda farasi na miaka 1914 na 1918. Fedha imeshakuwa nyeusi, utepe hamna. Tukavutana bei mpaka elfu arobaini, nikaipitishia cheni nikawa naivaa kwenye shoo, taa zikiipiga watu wanaiulizia, mi mwenyewe najiona nimewaka. Sasa Jumamosi moja tuko Sinza, tumepumzika baada ya awamu ya kwanza, mzee wetu wa saksafoni akaniita, akavaa miwani, akaikamata ile nishani lakini hakuangalia mbele wala nyuma, aliigeuza ukingo, akausogeza kwenye taa ya kaunta akaanza kusoma herufi moja moja. Namba. Jina la mtu, jina la Kiyao kabisa. Halafu K.A.R., jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Akaniangalia akaniuliza, "Huyu nani yako?"

Miezi mitatu nimevaa jina la mtu kifuani na sikujua kama lipo. Sikuwa na jibu, na usiku ule nilipuliza vibaya sana.

Ndo maana naandika huu mwongozo, kwa wanamuziki wenzangu hasa, maana mtu wa kawaida akiweka helmeti ya vita kabatini kwake inabaki ni yake na wageni wake, ila sisi tuna steji, tuna video, tuna kava za nyimbo, tukivaa kitu kesho watoto mia tano wanakitafuta Karume. Mzigo wetu ni mwingine. Nitaenda hatua kwa hatua, kuna sehemu nitakaa sana na kuna sehemu nitapita haraka.

Hatua ya kwanza: jibu unakitakia nini

Kabla hujatoa hela, jibu ukiwa peke yako bila shabiki wa kumpendeza. Unataka kujifunza? Ni kitu cha babu yako? Unapenda muundo wake tu? Unataka kiki? Ukikuta jibu ni kiki basi acha hapo hapo, sina zaidi ya kukuambia.

Jibu gumu zaidi ni lile la "napenda muundo wake", maana ni jibu la kweli kwa wengi wetu na linaonekana halina ubaya. Mfano maarufu kuliko yote ni Lemmy wa bendi ya roki ya Motörhead, yule Muingereza aliyefariki Desemba 2015. Apatimenti yake ya Los Angeles ilikuwa imejaa visu, nishani na mapanga ya Wajerumani wa enzi za Hitler, na miaka yote alijitetea kwamba hana habari na siasa zao, anapenda tu jinsi vilivyotengenezwa. Mwaka 2008 waendesha mashtaka wa Ujerumani walianza kumchunguza kwa sababu ya picha ya gazetini aliyovaa kofia ya wale jamaa. Mi namuamini kwamba hakuwa mfuasi. Lakini utetezi wake haunitoshi, na nieleze kwanini: yale magwanda yalipendeza kwa makusudi. Walikaa watu wakashona kitu kitakachomfanya kijana wa miaka kumi na minane ajione mkubwa, na kitakachomfanya aliye mbele yake aogope. Kwahiyo ukisema "mi napenda tu uzuri wake", ule uzuri ndo ilikuwa kazi yake, na umeshafanya kazi kwako pia.

Linganisha na Jeff Hanneman, mpiga gitaa wa bendi ya Slayer ya Marekani. Yeye baba yake alipigana upande wa Marekani vita ya pili, akarudi na nishani alizotoa kwa Wajerumani, akampa mtoto wake. Hanneman naye alilaumiwa sana kwa kuvutiwa na mambo hayo, na sisemi walaumu walikosea, ila pale kuna mnyororo unaoeleweka, baba, vita, mtoto. Ukimuuliza "huyu nani yako" ana pa kuanzia. Tofauti ndogo kama hiyo ndo naitaka uione kabla hujaingiza mkono mfukoni.

Hatua ya pili: vitu ambavyo hugusi kabisa

Hapa sibembelezi mtu.

Milipuko. Kombora, bomu la mkono, risasi ambazo hujui kama zimekufa. Watu wa Dar sisi tunajua, tuliona Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, mabomu ya maghala ya jeshi yalirukia kwenye nyumba za watu. Na kule Ngara, Novemba 2017, wanafunzi wa shule ya msingi walikufa kwa bomu ambalo mwenzao aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Ukiletewa kitu cha hivyo usikishike, usikitikise, usikipige picha kwa karibu, ondoka, ita polisi. Sijali ni cha vita gani wala kingependeza vipi kwenye video.

Bunduki na bastola. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015 haicheki na wewe, na maneno ya "hii imeshakufa haifyatui" usitegemee kumwambia askari barabarani saa nane usiku ukitoka shoo. Hata gobore la babu lina utaratibu wake. Nenda polisi kwanza ukaulize, ndo ufikirie mengine.

Sare za jeshi letu. Hapa wasanii tunakosea sana. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazirudishe. Koti la mitumba la jeshi la nchi nyingine lenye madoa yanayokaribiana na ya kwetu nalo linaweza kukuletea matatizo yale yale. Stailisti akikuletea mwambie hapana, hata kama dairekta kashakasirika.

Pembe. Kuna visu na fimbo za maafisa wa zamani zenye mpini wa pembe ya ndovu. Hiyo ni nyara ya serikali, sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na umri wa kitu haukuokoi. Muuzaji akisema "hii mfupa tu", kama hujui kutofautisha usinunue.

Na la mwisho kwenye hili kundi, ambalo kwangu ndo zito kuliko yote, mwili wa mtu. Fuvu, jino, nywele, kitu chochote. Usidhani ni mambo ya mbali, nchi hii bado inadai vichwa vya watu wake. Mkwawa alikufa Julai 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, kikaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na kilirudi Kalenga Juni 1954, miaka hamsini na sita baadaye. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900 na mpaka leo ukoo wake unatafuta fuvu lake. Wangoni wanamtafuta Songea Mbano. Hivyo vichwa vilianza safari kama vitu vya kukusanya, kuna mtu alivipenda, akavifunga kwenye boksi akaviandika namba. Ukiletewa mfupa na mtu anakwambia ni wa askari wa zamani, hauna bei, ni wa kuzikwa. Ripoti polisi na Makumbusho ya Taifa.

Hatua ya tatu: kaa na muuzaji, uliza, andika

Nina daftari la mistari la kawaida. Kila kitu kina ukurasa wake: tarehe, mahali, muuzaji kaniambia nini (maneno yake mwenyewe, bila kuyaremba), nimelipa shilingi ngapi, kina alama gani. Yale maswali yangu ni ya kawaida tu. Umekipata wapi? Aliyekuuzia yeye alikuwa nacho kwanini? Kuna mtu kwenye familia amekataa kisiuzwe? Hili la tatu usiliruke, maana mara nyingi anayeuza nishani ya babu ni mjukuu aliyebanwa na kodi ya nyumba, na shangazi yake hajui. Muuzaji akikasirikia maswali, hiyo ni taarifa tosha, rudisha kitu mezani mshukuru uende.

Halafu kuna hili la "mali za Mjerumani". Kila mtu hapa mjini ana mshkaji anayejua mtu anayejua pango lenye rupia, ramani anayo, inahitajika hela kidogo ya kuanzia. Ndugu zangu, watu wameuza viwanja kwa hizi hadithi. Tena ukumbuke kuchimba, kuuza na kusafirisha nje vitu vya kale kunasimamiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na marekebisho yake ya 1979, kwahiyo hata ikitokea kweli kuna kitu ardhini sio chako wala cha mshkaji wako. Ukitaka kitu cha Mjerumani kinachopatikana kihalali anza na hela zenyewe, maana hata hilo neno hela limetokana na heller, senti za Wajerumani. Mwaka 1916 wamezingirwa, meli hazifiki, wakawa wanapiga hela Tabora, za shaba kwa heller 5 na 20, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Ile ya dhahabu feki zimejaa, ukiletewa kwa bei ya laki moja jua unaletewa kipande cha chuma kilichopakwa rangi.

Na usidhani umaarufu utakulinda na uongo. Phil Collins, yule mpiga ngoma na muimbaji, alikusanya vitu vya vita ya Alamo ya 1836, Texas dhidi ya Mexico, kwa miaka mingi, mwaka 2014 akavitoa vyote, zaidi ya vitu mia mbili, kwa jimbo la Texas. Kuvitoa ni jambo zuri kabisa na namheshimu. Ila baadaye wataalamu wakahoji baadhi ya vile vitu kama kweli vilikuwa vya wale waliotajwa. Hela alikuwa nayo, mapenzi alikuwa nayo, kilichopungua ni karatasi za kuonyesha kitu kimepita mikono ya nani mpaka kikamfikia. Wewe daftari lako la buku jero linaweza kufanya kazi ambayo hela yake haikuiweza.

Hatua ya nne: soma kitu mpaka kikwambie mwenyewe

Kaa nacho mezani mchana, mwanga wa dirishani, usitumie flashi. Nishani za Waingereza za vita ya kwanza zina maandishi kwenye ukingo: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Za vita ya pili, zile nyota, mara nyingi hazina jina. K.A.R. ndo wale wazee wetu waliwaita Keya, King's African Rifles. Koti au kofia igeuze ndani, angalia chini ya kola, kuna namba za wino. Angalia vitobo vya uzi.

Hivi vitobo nivieleze vizuri. Nilishanunua koti la kijani zito Karume kwenye mtumba, safi, halina alama yoyote, nikalivaa wiki mbili. Siku naliweka juani nikaona kifuani kulia kuna vitobo vidogo vidogo vimejipanga, kitambaa cha katikati kimebaki kijani kibichi kuliko pembeni, umbo la ndege kafungua mabawa. Kuna mtu aliichomoa ile beji kwa wembe ili koti liuzike. Nikapiga picha nikamtumia jamaa mmoja anayejua, akanijibu kwamba ndege kukaa kifuani kulia ni mtindo wa jeshi la Hitler, ila mitumba ya hivyo mara nyingi ni koti la maigizo, kitambaa cha juzi. Kwahiyo halikuwa la vita, lilikuwa la mtu aliyetaka kuigiza. Sikulivaa tena, hata hivyo.

Ukipata jina, hapo kazi inageuka. Sasa unatafuta ukoo. Usiposti picha ya jina mtandaoni na kuuliza "nani anamjua huyu", utapata watu kumi wote wajukuu. Posti picha bila ukingo, sema ni nishani ya aina gani na eneo gani unahisi, anayejitokeza akutajie jina yeye. Anza na watu wazima, wazee wa misikiti na makanisa ya eneo husika, mtendaji wa kijiji. Simu moja kwa mtu anayeheshimika inafanya kazi kuliko posti elfu.

Hatua ya tano: jifunze vita kutoka kwa waliofanyiwa

Vitabu vingi vya hivi vitu vimeandikwa na wanaopenda bunduki. Watakwambia Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani hapa vita ya kwanza, alikuwa jenerali hodari, hakushindwa, alisalimisha silaha Novemba 1918 baada ya vita Ulaya kuisha. Waulize Wagogo. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka zao na vijana wao wakabebeshwa mizigo, ikaja njaa ambayo mpaka leo ina jina lake, Mtunya. Na sisi hapa mjini tunasema "naenda Kariakoo" kila siku wakati Kariakoo ni Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa Waingereza, na wapagazi waliokufa vita ile ni makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa njaa, kwa kubeba. Pale Samora kuna sanamu ya Askari iliyowekwa 1927, watu wanapiga nayo selfi. Pale pale mwanzo kulikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, Waingereza wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa kule wakaiangusha 1968. Unaona kitu kile kile kinavyogeuka maana kulingana na nani amesimama mbele yake.

Sasa nina kipimo changu ninachokitumia, na nakipendekeza. Jiulize, hiki kitu ningeweza kukivaa Songea tarehe 27 Februari? Hiyo ni siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni zaidi ya sitini baada ya Maji Maji, na kila mwaka watu wanakusanyika pale kwenye makumbusho. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alienda pale pale Novemba 2023 akaomba radhi. Kama ile kofia ya kikoloni uliyoiona ukaipenda kwa ajili ya video huwezi kuivaa ukasimama mbele ya wale wajukuu, basi haifai na Masaki pia. Cha Kagera kipime kwa Kaboya, kule Muleba walikolala mashujaa wetu wa 1978 na 1979. Cha Rwanda kipime kwa Kigali, na kwenye hili la Rwanda nisikilizeni vizuri, kuna vitu kama vitambulisho vya zamani vilivyoandikwa kabila, mtu alikufa kwa sababu ya ile karatasi. Hakikusanywi. Na tusisahau kwamba mwanamuziki mwenzetu, Simon Bikindi, alihukumiwa Arusha Desemba 2008 miaka kumi na tano kwa kuchochea mauaji kwa kipaza sauti. Kipaza sauti, chombo chetu cha kazi.

Hatua ya sita: stejini, kwenye video, mtandaoni

Kuna wanaosema wasanii wavae wanachotaka, sanaa ni uhuru. Na wanaweza kunirudisha kwenye historia yetu wenyewe wakanishinda, maana beni, ile ngoma ya zamani ya matarumbeta, ilikuwa hivyo hivyo. Bibi na babu zetu wa Marini na Arinoti, vikundi viwili vya beni vilivyoshindana, walipiga matarumbeta, wakaandamana kama jeshi, wakajipa vyeo vya Kizungu, wakavaa kofia na magwanda, pwani yote mpaka bara, na vita ya kwanza ndo iliisambaza zaidi. Mi kama mpuliza tarumbeta beni ndo asili yangu, siwezi kuitukana.

Lakini angalia ni nani alikuwa anacheza. Ni watu ambao wenyewe walikuwa askari na wapagazi, waliopigwa kelele na maafisa, waliocharazwa viboko, wakaichukua ile paredi wakaifanya ngoma yao na mashindano yao ya mtaani. Walikuwa wanacheza na kitu kilichowapanda mgongoni wao. Mimi leo nikivaa kofia ya aliyempiga babu wa mtu mwingine sichezi beni, nacheza kazi ya yule afisa. Kwahiyo swali ni lile lile, wewe kwenye hiyo hadithi umekaa upande gani, na aliyekaa upande mwingine yupo hapa ukumbini?

Kwa vitendo mimi naenda hivi. Alama za Hitler hazipandi stejini kamwe, hata kwa "kukosoa", labda kwenye tamthilia ambayo mtazamaji anajua anaona nini. Kikundi kikubwa kabisa cha Korea, BTS, mwaka 2018 kampuni yao ilibidi iombe radhi kwa sababu ya kofia yenye alama hizo ambayo mmoja wao aliivaa kwenye picha za nyuma. Nyie mnaopata shoo za Ulaya mjue pia kwamba Ujerumani kuonyesha zile alama hadharani ni kosa la jinai, sio ishu ya kukosolewa tu. Na tusichanganye mambo: swastika unayoiona kwenye mahekalu ya Wahindu Kisutu au kwenye kadi zao za harusi ni alama ya heri, ya kale kuliko huyo Hitler maelfu ya miaka. Usimtukane jirani yako kwa kutojua.

Kitu chenye jina la mtu hakivaliwi mpaka ukoo umesema. Kitu kisicho na jina, kama chupa ya maji au tarumbeta la zamani la jeshi, kinaweza kupanda stejini ila kinapanda na maneno, dakika moja kabla ya wimbo unasema hiki ni nini na kilikuwa cha kina nani. Nimejaribu, watu hawaondoki, wanasogea mbele. Kama wimbo wenyewe hauvumilii hiyo dakika moja basi kile kitu hakikuwa na kazi pale.

Kapsheni ziwe fupi na za kweli. Usiandike "shujaa" kwa mtu usiyejua alifanya nini. Usiuze kitu kwa kukitangaza kwenye akaunti yako ya muziki. Na ukishakosea, futa, sema umekosea nini kwa sentensi moja iliyonyooka, usianze na "kama kuna aliyeumia". Aliyeumia yupo.

Hatua ya saba: kutunza na kukabidhi

Dar ina chumvi na unyevu, chuma kinakufa hapa haraka. Shika kwa mikono mikavu au glavu za pamba. Nishani usiisugue, hata kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia, ukingo unalika na jina linaondoka, na jina likiondoka umemfuta mtu. Mi niliisugua ile ya kwangu mara mbili kabla sijajua, herufi ya mwisho haisomeki vizuri mpaka leo na inaniuma. Funga kwenye karatasi nyeupe isiyo na wino, weka kwenye boksi la plastiki na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, vinavyonyonya maji, ubadilishe kila baada ya miezi michache. Nguo zitandaze, usizikunje mstari ule ule kila siku. Picha na barua usibandike kwa gundi wala selotepu.

Halafu panga nani atakipata. Wanamuziki tunakufa ghafla, tukizikwa vitu vyetu vinabebwa na kila anayepita. Kwa kila kitu andika kadi: ni nini, nimekipata wapi, nani wa kupigiwa. Kama hakina ukoo na kina maana kwa nchi, ongea na Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ungali hai, nenda na daftari lako, usipeleke kitu tu ukakitupa mapokezi. Kama ni cha Maji Maji kuna Songea. Ukikabidhi omba karatasi ya mapokezi, na usiende na kamera ya kurekodi video yako ukikabidhi.

Kuhusu ile nishani ya mzee wa Kiyao. Ilichukua mwaka na nusu. Mzee wa saksafoni ana shemeji Tunduru, shemeji akauliza msikitini, zikajitokeza familia mbili zenye jina lile, moja ikajua namba haiwahusu maana babu yao hakwenda Keya. Ya pili kuna bibi ana zaidi ya miaka themanini, alinitajia jina lote la marehemu kwenye simu kabla sijamsomea, na akaniambia baba yake alirudi vitani na kikohozi, hakupenda mtu apige filimbi karibu na nyumba. Nikamwambia nairudisha. Akasema mjukuu wake atakuja Dar baada ya mavuno aichukue mkononi, isitumwe na basi, na mpaka hapo nikae nayo ila nisiivae.

Ipo kwenye boksi, imefungwa karatasi nyeupe, cheni nimetoa. Kwenye kadi nimeandika jina lake lote kama bibi alivyolitaja na namba ya simu ya mjukuu, kwa penseli, maana wino na huu unyevu wa Dar haukai.